Binamu yangu siku hizi anaficha sare

Binamu yangu ni konstebo wa polisi hapa Nairobi, na tangu ile 25 Juni 2024 vijana walipoandamana wakaingia Bunge na watu wakapigwa risasi na polisi, hapandi matatu bila jaketi juu ya sare, zipu mpaka kidevuni hata jua likiwaka. Juzi mtoto wake aliulizwa shuleni kama babake ni muuaji, alinisimulia huku anakoroga chai iliyokuwa imeshapoa. Sikumpooza sana bana, waliokufa nao wana mama zao. Lakini lile jopokazi la mageuzi ya polisi, la Jaji Mkuu mstaafu Maraga, lilishasema 2023 mishahara na makazi yao yaboreshwe na yeye bado analala chumba kimoja kimegawanywa na pazia, wakubwa wanaotoa oda wako kwa mageti yao. Nikamuuliza si uache kazi, akacheka, eti nitamlipia karo?