Krismasi yangu kwenye sinagogi
Krismasi ya 2024 niliianza saa moja asubuhi, nikimenya viazi jikoni mwa sinagogi hapa Chicago. Mimi ni Mkristo, ila ndugu zangu wote wako Mwanza, na jirani yangu, mama mzee wa Kiyahudi, hakutaka nishinde peke yangu. Wayahudi wengi wa Marekani hujitolea tarehe 25 Desemba ili wenzao wanaosherehekea wapate kukaa na familia. Sisi tulipika supu ya kuwagawia watu wasio na makazi. Na baridi hii, jamani, bakuli la supu ya moto si jambo dogo.

Nilichukua kisu chenye utepe mwekundu nikate jibini. Yule mama akanishika mkono taratibu, akanipa chenye utepe wa bluu. Kwao nyama na maziwa havikutani, hata kwenye vyombo.

Mwaka ule usiku wa kwanza wa Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha mishumaa, uliangukia jioni hiyohiyo. Giza lilipoingia tukasimama dirishani. Huwashwa kwanza mshumaa mmoja uitwao shamashi, maana yake mtumishi, kisha huo ndio unaowasha mwingine. Wakaimba. Nilikuwa bado nimevaa aproni, machozi yakanitoka. Halafu tukala viazi vilivyokunwa na kukaangwa, pamoja na tufaha la kupondwa. Nilikula vinne.

Nikampigia mama Mwanza kwa video, nikamwonyesha ile mishumaa miwili. Akapiga kigelegele, jikoni nzima ikageuka.