Jicho la kijani

Jumamosi binti yangu alikuwa anatafuta betri za rimoti kwenye kabati la zana, akarudi na soksi yangu ya zamani iliyofungwa fundo. "Baba, hii chupa ni ya dawa gani?" Alishaifungua kabla sijanyanyuka. Kichupa cha kioo, urefu wa kidole, vijiti tisa vya waya chini yake, na ubavuni maandishi yanayokaribia kufutika: EM84.

Niliiweka pale mwaka 2006. Sijawahi kuitoa, na sijawahi kusahau kwamba ipo.

Mnaoijua ampu yangu, kikuza sauti changu cha gitaa, mnajua nilivyoijenga, maana nimesimulia mara nyingi: trei ya kuokea mikate niliyoitoboa ikawa chasisi, boksi la mbao za mgrevilea, valvu tatu, zile chupa za kioo za kwenye redio za zamani, wati tano tu. Sehemu ya redio huwa naivuka haraka.

Redio ilikuwa ya Babu. Aliinunua alipokuwa karani Moshi mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye umeme. Alipostaafu akapanda nayo Kibosho, na kule nyumbani umeme haukuwepo, kwa hiyo ikakaa miaka juu ya meza imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nguzo zilipofika kijijini, kitu cha kwanza kuchomekwa kilikuwa hiyo redio. Mbele yake, juu ya vitufe vyeupe, palikuwa na jicho: fito mbili za mwanga wa kijani, moja huku na moja kule. Ukizungusha kutafuta kituo, zinasogeleana. Zikikutana katikati, umekikamata sawasawa. Jioni Babu akisikiliza BBC kwenye mawimbi mafupi, sauti inakuja na kuzama, na zile fito zinakutana na kuachana zenyewe, hakuna aliyegusa kitu. Sisi wajukuu tuliamini redio inapumua.

Babu alifariki. Baada ya mwaka hivi redio ikaanza kunguruma, ikawa inanguruma tu, na kitambaa kikarudi juu yake.

Mimi mwaka huo wa 2006 nilikuwa napiga gitaa la solo kwenye bendi mjini. Ampu yetu ilikuwa ya transista, haina valvu. Ukiipandisha, sauti inakwaruza sikio. Nilikuwa nimekulia kwenye rumba la zamani, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe nililolisikia kichwani halikufanana hata kidogo na lililotoka kwenye spika yangu. Valvu ukiisukuma kupita uwezo wake haiikati sauti ghafla. Inaikunja taratibu, noti inanenepa kabla ya kupasuka. Niliitaka noti ile kuliko kitu chochote. Hela ya kununua ampu sikuwa nayo. Nilikuwa na mchoro niliounakili kwa mkono kwenye mgahawa wa intaneti, na nilijua ndani ya redio ya Babu mna EL84, valvu ileile iliyokuwa kwenye mchoro, pamoja na transfoma zake zote mbili.

Nikamwomba Bibi niipeleke kwa fundi. Fundi mwenyewe ni mzee mmoja wa Majengo, kibanda chake kimejaa redio mpaka darini. Nikamwamkia, akapokea, akaigeuza, akafungua mgongo. Hakuchukua nusu saa na mita yake.

"Hii haijafa," akasema. "Kapasita za kuchuja umeme zimekauka, ndiyo maana inanguruma. Na hii ndogo inavuja. Niachie wiki moja, itaimba."

Nikamwambia sitaki itengenezwe. Nataka vilivyomo.

Akaninyamazia kidogo. "Mwenyewe anajua?"

"Anajua, mzee."

Nilipopanda Kibosho Jumapili nikamwambia Bibi kwamba fundi amesema imekufa. Akaniambia, "Haya, baba. Kama itakufaa kwa kazi yako, ichukue." Akaondoa kitambaa chake, akakikunja, akaenda nacho chumbani.

Kujenga kulinichukua miezi mitatu ya jioni kwenye kile kibanda. Valvu ya kupokea sauti ya gitaa, ECC83, alinipa mzee, aliitoa kwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa valvu zilizoviringishwa magazeti. Alinifundisha kuweka mkono mmoja mfukoni kila ninapogusa chasisi yenye umeme, ili volti 300 zisipate njia ya kupita kifuani. Alinifundisha pia kutoiamini ampu iliyozimwa, kwa sababu kapasita hubaki na umeme wake hata ukichomoa waya ukutani. Siku ya kuwasha mara ya kwanza akaunga balbu ya wati 60 kati ya ukuta na ampu: kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na transfoma inapona. Balbu ikang'aa, ikafifia. "Eeh," mzee akasema, akarudi kwenye kazi yake. Spika ilikuwa ya redio ileile, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti ilikuwa imeizoea hiyo, na mimi sikuwa na nyingine.

Krismasi nikapanda nayo nyumbani. Sikukuu ilipita na watu wake. Tarehe 26 mchana walikuwa wametoka wote kusalimia ndugu, nikabaki na Bibi sebuleni. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango anamenya ndizi za mtori, maganda anayatupia kwenye beseni. Nikaiweka ampu juu ya meza ya Babu, palepale ilipokuwa redio. Sikufikiria. Ndipo soketi ilipokuwa.

Nikawasha. Valvu haziamki mara moja, unasubiri. Kwanza ikaja harufu: vumbi la zamani linalopata moto, na nta ya transfoma ikilainika. Ilikuwa harufu ya saa mbili usiku ya nyumba ile, ya habari, ya kunyamazishwa. Bibi aliacha kumenya. Kisha nyaya ndani ya kioo zikawa nyekundu, zikawa rangi ya chungwa, na spika ikatoa ule mvumo wa chini kabisa, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Nilikuwa nimekata mbao za mbele wazi makusudi ili valvu zionekane. Nikapiga uzi mmoja, wa tatu, nikauacha uishe wenyewe. Ulikuwa mnene. Ulikuwa ndiyo ule.

Bibi alikuwa anaitazama ampu, kisu kimesimama hewani.

"Sauti ni yake," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Spika ni ileile."

Akaweka kisu kwenye beseni, akanyanyuka akishika goti, akaja akainama mbele ya meza. Aliitazama kushoto, akaitazama kulia. Mwanga wa valvu ulimgonga kidevuni.

"Na jicho liko wapi?"

Nikamwambia jicho lilikufa. Kwenye ampu ya gitaa halikuwa na kazi, hakuna kituo cha kutafuta, kwa hiyo nililichomoa nikaliweka. Lilikuwa zima. Lilikuwa kwenye begi langu, kwenye soksi, hatua tatu kutoka alipoinama.

"Lilikufa lini?"

"Siku nyingi, Bibi."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa kubisha. "Lilikuwa linaona," akasema. "Redio ilikuwa inanguruma tu, haisemi, lakini jicho lilikuwa linaona. Usiku nilikuwa naiwasha, napunguza sauti yote mpaka mwisho, nakaa nalo."

Kisha akarudi kwenye kigoda, akaokota kisu, akaniambia, "Piga basi, baba. Piga wimbo mzima." Nikapiga. Sikumbuki nilipiga nini.

Ningeweza kufungua begi. Nimelirudia jambo hili mara nyingi, na kila mara naona jinsi ilivyokuwa rahisi: kwenda hatua tatu, kufungua fundo, kusema nimekosea. Kapasita mbili tatu na wiki moja ya fundi, na valvu ningeagiza nyingine siku moja. Lakini pia najua nilichokipata. Ampu ile imenilisha, imenilipia ada za mwisho za chuo, na noti yake sijawahi kuisikia mahali pengine. Sijui namna ya kuviweka hivi viwili kwenye mzani mmoja. Bibi alifariki 2011, na kitambaa tulikikuta kwenye sanduku lake, kimekunjwa vilevile.

Binti yangu alitaka kuiona ikiwaka. Nikamwambia tusubiri usiku. Nikafungua mgongo wa ampu, mkono mmoja mfukoni, yeye nikamsimamisha mlangoni. Kazi haikuwa kubwa, kwa sababu transfoma ni ileile iliyokuwa ikililisha jicho hilo tangu mwanzo, volti 6.3 za kupashia moto zilikuwa pale, na volti nyingi za juu nikazipitisha kwenye rizista kama inavyotakiwa. Nikafunga mgongo. Tukazima taa za sebule na televisheni.

Tulisubiri karibu nusu dakika. Likaja hafifu sana, kijani cha maji ya kisima. Rangi iliyopakwa ndani ya kioo huchoka kwa kuwashwa, na hili liliwashwa miaka mingi. Mchana lisingeonekana kabisa. Fito mbili, moja huku na moja kule, na giza katikati.

"Mbona hazikutani?" akauliza.

"Mpaka zipate kituo."

Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akaweka kidevu juu ya meza.