Siku moja CERN: nilitafuta kebo, nikapata wavuti

Saa moja na nusu asubuhi. Ni Julai, nami ni mwanafunzi wa kiangazi hapa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia ya chembe nje kidogo ya Geneva, Uswisi. Nalala hosteli, jengo namba 39. Nikitoka nje tu, wa kwanza kukutana naye ni Shiva: sanamu ya mita 2 iliyotolewa na India mwaka 2004, mguu juu, anacheza. Nilipomtumia mama picha aliuliza, "Mwanangu, huko umeenda kusoma au umeingia hekaluni?"

Saa mbili, mkahawani. Kukiwa kweupe, barazani unauona mlima Mont Blanc. Leo ni mawingu matupu. Nakunywa kahawa, ingawa kichwani bado naiita chai.

Saa tatu na robo, mhadhara katika ukumbi mkuu, jengo 500. Humu ndimo ilimotangazwa chembe ya Higgs, ile inayohusika na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito, tarehe 4 Julai 2012, na watu walikesha nje wakigombea viti. Mimi nimepata kiti bila kukesha, lakini hesabu za leo zimenipita juu kama ndege.

Saa nne na nusu, msimamizi wangu ananituma kebo kwenye karakana moja. Yeye mwenyewe husisitiza nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wafanyavyo wote hapa. Mimi siwezi. Nilivyolelewa Tanga, mtu mwenye mvi haitwi jina kavu, kwa hiyo namwita Profesa naye anacheka.

Sasa hiyo karakana. Nilijitia ujuzi nikaacha ramani, na hapa namba za majengo hazifuatani kama nyumba za mtaani: jengo 500 limeshikana na 60! Barabara nazo zina majina ya wanafizikia. Nikakatiza kwa Einstein, nikarudi kwa Feynman, nikaingia mlango usio wangu na kutokea kwenye korido nyembamba, milango ya ofisi huku na huku. Ukutani kuna bamba: teknolojia zote za msingi za wavuti zilitengenezwa katika ofisi za korido hii. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alitoa pendekezo lake mwaka 1989. Nikasimama. Simu mkononi, nimepotea, na kilichonifundisha fizikia nikiwa kidato cha tano kilianzia nyuma ya mlango ambao ungedhani ni stoo ya fagio.

Watu nyumbani hudhani nakaa ndani ya chombo cha anga za juu. Jamani, sehemu kubwa ya hapa inafanana na karakana za reli: kuta zilizochakaa, mabomba, mitungi ya gesi, baiskeli. Kituo kilianzishwa mwaka 1954 na majengo ya zamani hayafichi umri.

Kebo niliifikisha saa sita kasoro. Profesa hakuuliza kitu.

Mchana wote niko jengo 40, nahangaika na programu ya kukagua data za muoni, aina moja ya chembe ndogo. Kosa lilikuwa alama moja ya kutoa. Kulitafuta kulinichukua saa tatu nzima.

Saa kumi na moja jioni, navuka barabara kwenda chumba cha udhibiti cha ATLAS, kigunduzi kinachonasa migongano ya chembe, kutazama wenzangu wa zamu. Mashine ya kugonganisha chembe ikiwa inafanya kazi hakuna mtu anayeshuka chini. Kigunduzi chenyewe kiko shimoni karibu mita 100, urefu mita 46, uzito tani 7,000. Protoni zinazunguka njia ya kilomita 27 mara 11,245 kwa sekunde moja, zikipindishwa na sumaku zilizopozwa hadi nyuzi -271. Juu huku huhisi lolote. Lami ni lami, ndege wanalia. Ndani, skrini zimejaa mistari ya rangi inayopanda na kushuka, na dada mmoja wa zamu anazikodolea macho huku akimenya chungwa taratibu, ganda moja refu lisilokatika.

Saa tatu na nusu usiku, chumbani. Simu inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ushaswali magharibi?"

"Bado mama, jua ndiyo kwanza linazama."

Kimya. "Saa nne na nusu hii?"

Nikageuza kamera dirishani aone mwenyewe.