AC kubwa sio dili jamani

Mwaka jana joto la mwezi wa pili lilinichosha nikasema sasa basi, naweka AC chumbani, nikaenda Kariakoo muuzaji akaniambia chukua ya BTU 18,000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya kupoza) dada'angu, kubwa inapoza fasta. Nami nikalipa bila hata kupima chumba, na chumba chenyewe ni mita 4 kwa 3 na nusu tu huku Tabata!

Kweli ilikuwa inapoza fasta, dakika chache tu inazima, halafu inawaka tena, inazima, usiku kucha hivyo hivyo. Cha ajabu baridi ipo ila mashuka yana unyevunyevu na mwili unanata kama umekaa feri. Luku ndo usiseme.

Nikaita fundi, mzee mmoja mpole, akacheka kwanza. Akasema mwanangu, AC haitengenezi baridi, inahamisha joto la ndani kulipeleka nje, na unyevu unatoka kwa kugeuka matone ya maji kwenye koili, yale mabomba ya baridi ndani ya AC, halafu maji yanatoka kwenye bomba, sasa ikizima mapema maji yanatoka saa ngapi? Akauliza dirisha linaangalia wapi, juu kuna dari au bati tupu, mnalala wangapi (hapo nikaona aibu, yule muuzaji hakuuliza hata kimoja). Akapiga hesabu ya haraka haraka, 9,000 ingetosha, ila kwa vile jua la jioni linapiga ukuta ule, 12,000 ya inveta, ile inayopunguza kasi yenyewe badala ya kuzima na kuwaka.

Ile ya 18,000 nimeihamishia sebuleni.