Saa Sita Kati Yangu na Seoul

Kila aliyenishauri kuhusu tuzo za Seoul alinishauri habari za pesa. Kuhusu saa, kimya. Na kilichonimaliza mwaka wa kwanza ni saa.

Nazungumzia zile Tuzo za Kimataifa za Tamthilia zinazofanyika Seoul, Korea Kusini, kila mwaka tangu 2006. Tamthilia za televisheni hutoka pande zote za dunia, zikashindanishwa kwa makundi, na waongozaji, waandishi na waigizaji nao wana tuzo zao. Hapa Nairobi ukitaja tuzo ya kimataifa ya televisheni, watu wanafikiria International Emmy kule New York kila Novemba. Anayejifanya amesoma atakutajia Monte-Carlo, ambako tamasha limekuwapo tangu 1961 na mshindi anaondoka na sanamu ya Nymphe d'Or. Mimi nilichagua Seoul kwa sababu ya mama yangu. Anaangalia tamthilia za Kikorea hadi anaijua familia ya mfalme kuliko anavyowajua wajukuu wake. Nilipomwambia nahariri tamthilia, swali lake lilikuwa moja tu: "Wakorea wameiona?"

Hawakuwa wameiona. Hata Wakenya wengi hawakuwa wameiona. Ni vipindi sita vya dakika ishirini na kitu, kisa cha mama anayeuza mitumba Gikomba na binti yake anayemficha jambo. Kituo kimoja kiliirusha wakati watu wamelala, ikapita kama mvua ya Januari. Lakini ilirushwa, na hilo ndilo nililolitaka, nisije nikaambiwa nimepeleka kazi ambayo haijawahi kuonekana na mtu.

Mshauri wa kwanza alikuwa bwana mmoja aliyejiita wakala. Alinikalisha mkahawani Kilimani, akaagiza chai ambayo niliilipa mimi, akaniambia huko nje huwezi kuingia bila mtu. Elfu thelathini na jina letu litafika mezani. Nikamuuliza meza gani. Akasema, "Kaka, wewe ni msanii, mambo ya meza niachie mimi." Nilikwenda nyumbani, nikafungua tovuti yao, nikakuta fomu. Fomu ya kawaida, ya kujaza jina la kazi, mwaka, muda, muhtasari. Meza sikuiona.

Wa pili alikuwa fundi sauti wetu, mtu ninayempenda lakini hapa alinikosea. Katika kipindi cha tatu binti anapanda matatu ya kwenda Umoja, na ndani unapigwa wimbo ambao nyote mnaujua, sitautaja. Hatukuwa na kibali cha wimbo ule. Fundi akaniambia, "Wacha tu, Wakorea watajuaje?" Watajuaje! Watu ambao muziki wao umeufikia mpaka uwanja wa shule ya mpwa wangu ndio wasijue haki za wimbo? Tuliutoa. Tulimpa kijana mmoja wa Kayole elfu tatu au nne hivi, akatutengenezea mdundo wa dakika moja, na mpaka leo naona ule wa Kayole unaifaa matatu ile kuliko wa kwanza.

Sasa sabtaito. Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Tamthilia yetu ni ya Kiswahili cha Nairobi, maana yake ni Kiswahili, Sheng, Kikuyu cha sokoni na Kiingereza cha mwenye nyumba. Majaji hawawezi kufuata hayo, lazima maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mpwa wangu yuko chuo kikuu, nikampa kazi. Alimaliza kwa siku mbili na mimi mjinga nikajivunia. Siku ya kuangalia nikakaa na jirani mmoja Mhindi aliyekulia Parklands, nikamwambia asisikilize, asome tu. Nilizima sauti.

Kipindi cha kwanza mzee wa mtaa anakufa. Watu wanaingia nyumbani kwa mjane mmoja mmoja, kila mtu anasema "pole". Mpwa wangu kila "pole" ameifanya "I am sorry". Wa nne alipoingia na kuomba msamaha, jirani yangu akanigeukia: "Hawa wote ndio waliomuua?" Nikacheka mpaka machozi, halafu nikaacha kucheka. Fikiria jaji Seoul akiiona kesi ya mauaji ambayo haipo, na akisubiri vipindi sita polisi waje.

Kisha "naenda nakuja". Mama mtu anamwambia mteja, "Subiri, naenda nakuja," kama sisi sote tunavyosema. Kwenye skrini: ninaenda, ninakuja. Jirani akauliza kama mama huyo ni mgonjwa.

Lakini kubwa kuliko yote ni hii. Kipindi cha nne binti anamwambia mvulana, "Tukutane stage saa mbili." Mpwa wangu akaandika "two o'clock". Picha inayofuata ni usiku, taa za magari, mvulana anasubiri na koti limelowa. Msomaji wa Kiingereza anaona mvulana amesubiri tangu saa nane mchana au, balaa zaidi, anasubiri saa nane za usiku. Hadithi nzima inabadilika. Yule mvulana tuliyemwandika kuwa mvivu wa kutunza ahadi amegeuka shujaa wa mapenzi. Nilirekebisha mwenyewe, nikapitia saa zote zilizotajwa katika vipindi vyote, nikakuta kumi na moja. Zote zilikuwa zimekosewa kwa saa sita.

Ungedhani mtu aliyekamata makosa kumi na moja ya saa sita hawezi kufanya la kumi na mbili.

Niliifanya. Fomu ilisema mwisho ni saa tano na dakika hamsini na tisa za usiku, kwa saa za Korea. Maneno "kwa saa za Korea" niliyasoma, naapa niliyasoma, yakapita kama mtu anayekusalimia barabarani nawe unawaza kodi. Siku ya mwisho nilishinda nikipakia video nyumbani Donholm kwa bando la elfu moja na mia ngapi sijui. Jamaa wa cyber alikuwa ameniambia laini yangu ya "mega kumi" itapeleka mega kumi kila sekunde. Hiyo ni uongo, ingawa hakukusudia: zile ni megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, gawanya kwa nane. Isitoshe hiyo kumi ilikuwa ya kushusha, ya kupandisha ilikuwa kama moja unusu. Faili zangu zilikuwa giga kumi na mbili. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilipiga nikiwa nimechelewa. Nikazipunguza ukubwa, nikazipakia moja moja, stima zikapotea katikati ya cha tano, zikarudi, nikaanza cha tano upya. Saa tatu na robo usiku nikabonyeza kitufe cha kutuma, mwili wote unatetemeka kwa furaha, zimebaki karibu saa tatu nzima.

Fomu imefungwa.

Nilidhani ni mtandao. Nikabonyeza tena. Nikabadilisha kivinjari. Nikamlaumu mpwa wangu, ambaye hakuwa hata nyumbani. Kule Seoul ilikuwa saa tisa na robo za alfajiri, siku inayofuata, na wenye ofisi walikuwa wamelala usingizi wa haki.

Mama aliniuliza, "Wakorea wameiona?" Nikasema bado.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda Pumwani, Majengo, kwa mzee mmoja wa Lamu anayeuza kahawa chungu. Huwa namwendea nikiwa na hasira, kahawa yake inatoa hasira kwa nguvu. Alasiri, nikamsimulia mkasa. Akaniuliza Seoul sasa hivi ni saa ngapi. Nikatoa simu, nikatafuta: saa tatu usiku, imeandikwa 9:00. Mzee akaangalia mkononi, akanisogezea saa yake, saa ya zamani ya mishale, kioo kimekwaruzika. Mshale mfupi uko kwenye tisa. Nikamwambia, "Mzee, saa yako imeharibika, sasa ni tatu." Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wa mjini. "Sasa ni saa tisa alasiri. Wewe ndiye uliyeharibika."

Mzee ameiweka saa yake Kiswahili. Wazee wengi wa pwani walikuwa wakifanya hivyo: jua likichomoza mshale uko karibu na kumi na mbili, ukisema saa tatu uone tatu. Na Seoul iko mbele ya Nairobi kwa saa sita kamili, kiasi kilekile kinachotenganisha saa yetu ya mdomoni na saa ya Kizungu. Kwa hiyo saa ya mzee wa Lamu, bila yeye kujua wala kujali, imekuwa ikionyesha saa ya Seoul miaka yote. Mimi mtu wa kompyuta nilikuwa sijaiona.

Mzee hakushangaa. Nilipomweleza kwamba shida ni tarehe pia, kwamba ikifika saa kumi na mbili ya jioni hapa kule inaanza siku mpya, akasema hilo nalo si jipya. Kwao magharibi ikiingia siku imekwisha, usiku ni wa siku inayokuja, Alhamisi jua likitua watu wako katika usiku wa Ijumaa. Akanimiminia kikombe cha pili. Cha pili sikulipa.

Tangu siku hiyo sihitaji kuhesabu. Nataka kujua Seoul saa ngapi, nasema saa kwa Kiswahili kimoyomoyo, namba ni hiyohiyo kwenye saa yao ya Kizungu, na adhana ya magharibi ikikaribia najua kule ni kesho. Haibadiliki mwaka mzima, kwa sababu wao kama sisi hawasogezi saa kwa majira. New York hujui: mara ni saa saba, mara ni nane. Ukituma kazi huko, mzee wa Lamu hatakusaidia.

Mwaka uliofuata tulikuwa na vipindi vipya sita, mama yuleyule, soko lilelile, siri mpya. Sabtaito niliandika mimi, mistari isiyozidi miwili, herufi kama arobaini na mbili kila mstari, nikimsomesha jirani kila jioni kwa malipo ya mandazi. "Pole" ilipata tafsiri tano tofauti na katika sehemu mbili niliiacha bila tafsiri kabisa, uso wa mwigizaji ulitosha. Faili la SRT, lile la sabtaito na muda wa kila mstari, lilinikatalia nusu siku kwa sababu niliandika nukta mahali pa mkato kwenye milisekunde. Video nilipeleka kwa rafiki mwenye ofisi yenye faiba, nikalala kwenye sofa lake na blanketi la kukopa. Nilituma siku mbili kabla, saa nne asubuhi, kule saa kumi jioni, yaani 4:00 kwenye saa yao. Nilitazama barua pepe ya kuthibitisha imefika, nikaipiga picha kama cheti cha kuzaliwa.

Hatukuteuliwa. Nasema mapema ili usisome ukingoja. Orodha ilipotoka niliisoma mara mbili kutoka juu na mara moja kutoka chini. Nililia kidogo, si sana, nilikuwa kwenye matatu.

Siku ya sherehe nilikwenda kwa mama na kumwekea kwenye simu vipande vilivyopatikana mtandaoni. Jioni yao ni mchana wetu, kwa hiyo tulitazama zulia jekundu huku tukichambua sukuma wiki. Mama aliwatambua waigizaji wawili na kuwaita kwa majina ya tamthilia, kama majirani. Halafu akaniuliza, "Sasa hawa wameiona yako?"

"Wameiona, mama."

"Wakasema nini?"

"Hawakusema."

Akafikiri. "Basi waliona aibu. Nawajua hawa, ni watu wa haya." Akaendelea kukata mboga.

Sasa tunapiga ya tatu. Yule wakala wa Kilimani amesikia, na wiki iliyopita alinipigia: mwaka huu ni elfu arobaini, bei zimepanda, ila meza ni ileile. Niko kwenye mkutano, nikamwambia, nipigie kesho saa sita. Hakuuliza za nani.