Siku moja kazini: tunampa mashine kazi ya kila jioni

Saa kumi na mbili unusu asubuhi niko steji Donholm, Jogoo Road imefungana kama kawaida, tao nafika saa mbili kasoro.

Saa mbili. Ofisi yetu iko Moi Avenue, tunauza spea za magari na kila branchi hutuma faili ya mauzo, halafu jioni mtu anazikopi moja moja kwa mkono. Leo hiyo kazi tunaimaliza na skripti, yaani faili ya komandi ambazo kompyuta inazifuata moja baada ya nyingine. Anaandika kijana wa atachi, mimi nakaa kando.

Saa tatu tumefungua nano, programu ya kuandikia faili, na yetu tumeiita weka.sh:

```
#!/bin/bash
siku=$(date +%F)
mkdir -p "/hifadhi/$siku"
for f in /mauzo/*.csv; do
  cp $f "/hifadhi/$siku/"
done
```

Ule mstari wa kwanza unaambia mfumo ni bash, ile shell inayosoma komandi na kuzifanya, itasoma hii faili. Na kwa siku= usiache nafasi kando ya ile alama ya sawasawa, bash itadhani siku ni komandi.

Saa nne. chmod u+x weka.sh kuipa faili ruhusa ya kuendeshwa, kisha ./weka.sh kuiendesha. Akauliza hiyo nukta na mkwaju ni za nini, nikamwambia shell hutafuta komandi kwa folda zilizo kwa PATH pekee, ile orodha yake ya folda, na folda tuliyomo kwa kawaida haimo. Akabonyeza enta, makosa yakajaa skrini. Nikamwambia usifute, soma. cp, komandi ya kukopi, inalia haioni /mauzo/Mauzo, haioni ya, haioni Jumatatu.csv, na hapo akaona mwenyewe: faili inaitwa "Mauzo ya Jumatatu.csv", bash imeikatakata kwa zile nafasi. Akaandika "$f", yaani jina la faili, ndani ya alama za kunukuu, ikapita. Hapo nilifurahi sana, juu mtu akishajua kusoma makosa hahitaji kushikwa mkono tena.

Saa saba, chapati madondo.

Saa nane crontab -e, kufungua ratiba ya cron, programu inayoendesha kazi yenyewe kwa saa uliyopanga:

```
30 17 * * 1-6 /home/ofisi/weka.sh
```

Cron huhesabu kutoka usiku wa manane, kwa hivyo saa kumi na moja unusu yetu ni 17:30, na 1-6 ni Jumatatu hadi Jumamosi. Na njia ya kufika kwa faili andika yote kutoka mkwaju wa kwanza, cron haianzii kwa folda uliyokaa wewe.

Saa kumi na moja unusu tumekodolea ls, komandi ya kuorodhesha faili, zote zimeingia. Sasa anataka skripti ya kufuta zile kuukuu, nikamwambia sawa, lakini kwanza andika echo, inayoonyesha maneno tu kwa skrini, mbele ya rm, komandi ya kufuta, tusome itafuta nini.