Vuli, mpeta na kamera

Juzi alfajiri nilipanda tena kilima cha nyuma ya kwa bibi, huku Pemba. Vuli imeanza, ukungu ulikuwa umelala bondeni juu ya mpunga.

Utotoni nilikipanda na pakacha, kuokota mpeta, karafuu zilizodondoka zenyewe, chini ya mikarafuu. Wingu likitanda, bibi hupiga kelele, “Mjukuu wangu, mvua hiyo, kunja jamvi!” Karafuu iliyoanikwa ikirowa, rangi huharibika, na bei nayo.

Safari hii nilibeba kamera. Nilingoja hadi jua likagusa matumba ya karafuu, yale yanayoanza kuwa mekundu, ndio wakati wake wa kuchumwa. Picha moja tu ndiyo niipendayo: mikarafuu, ukungu, na ngazi ya mchumaji imeegemezwa, tupu. Harufu haikuingia. Hilo linaniuma.